Mifuko Miwili ya Onésphore

Vitoto kumi na kimoja vya nguruwe wa Kabatesi vilianza kuharisha juma moja tu baada ya kuachishwa ziwa. Kufikia Jumapili banda lake pale Nyakiriba lilikuwa kimya. Kabatesi hakulia. Alichovya kidole katika poda aliyokuwa akiichanganya na pumba, akailamba, akangoja ukali wa kukunja uso. Haukuja. Kilichokuja ni ladha ya unga wa muhogo.

Ukali aliujua vema. Mwaka uliotangulia, 1998, Bizumuremyi, daktari wa mifugo, alimfundisha kumpa nguruwe jike poda hiyo ya asidi majuma ya mwisho ya mimba, kisha kuwapa watoto wakiacha ziwa. "Tumbo lao bado halina uchachu," alisema. "Poda hii hulichachua, vijidudu vikakosa pa kukaa." Uzao ule haukupoteza hata kitoto kimoja. Ndiyo sababu safari hii alikuwa amemwahidi binti yake Uwase kwamba ataanza masomo katika shule ya Nyundo. Sasa Uwase alishika jembe.

Poda ya safari hii aliinunua kwa Onésphore, mfanyabiashara wa Petite Barrière, kivuko cha mpakani, aliyeitoa Goma ng'ambo. Alimwendea na kopo mkononi.

"Onésphore, hii haiko dawa. Ni unga ya muhogo, ya kupika bugari."

Onésphore akacheka mbele ya wateja. "Mama, we uko na bahati mubaya tu. Nguruwe yangu mwenyewe inakula hii hii, na iko munene."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililomkereketa Kabatesi. Akamuuliza jirani yake Mukandori, aliyembebea Onésphore mizigo mpakani. Mukandori akatazama chini. "Binamu yake kule Goma anafunga mifuko mbili. Ya uzi mwekundu ni asidi yenyewe, ya nguruwe yake Onésphore mwenyewe. Ya uzi mweupe ni unga, ndiyo anauzia watu. Unisamehe, dada. Niko na watoto wane."

Kabatesi hakumlaumu. Alingoja. Hakungoja sana, maana mwezi uliofuata askari walimzuia Mukandori na mzigo, na Onésphore, alipoitwa, akasema, "Huyu mama simujui." Siku mbili Mukandori alishinda mahabusu bila hata maji kutoka kwa tajiri wake. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Kabatesi.

"Niambie nifanye nini."

"Badilisha nyuzi."

Mukandori akarudi kuomba kazi yake, na Onésphore akampokea. Basi kila mzigo ulipovuka, aliketi nyuma ya ukuta kama anayepumzika, akafungua nyuzi mbili, akafunga kila moja kwenye mfuko wa mwenzake. Wateja wakaanza kumsifu Onésphore: poda yako siku hizi inauma ulimi! Naye alitabasamu asijue anasifiwa nini.

Nguruwe wake watatu walikuwa wamezaa vitoto thelathini na viwili. Vilipoachishwa ziwa, vikaanza kuharisha. Akaongeza poda maradufu, vikafa kimoja baada ya kingine. Mwishowe akamwita Bizumuremyi. Kabatesi alipopata habari, alikusanya wanawake watano waliowahi kupoteza mifugo yao kwa poda ya Onésphore, akaenda nao huko.

Bizumuremyi alilamba poda, akatema. "Onésphore, huu ni unga."

"Haiwezekani! Wamebadilisha mifuko! Hii ni ile ya..."

Neno lilikwisha toka.

"Ile ya nani?" Kabatesi akauliza.

Wanawake wakatazamana. Onésphore akamkazia macho, na Kabatesi akaona jinsi anavyoelewa, polepole, mpaka midomo ikamkauka. Miezi mitano alikuwa ameisubiri sura hiyo.

"Ni mimi," akasema. "Enda unishitaki. Uwaambie mifuko mbili ilikuwa ya nini."

Onésphore hakwenda popote. Wanawake walipoingia bandani kujilipa hakuinua mkono, na Bizumuremyi akageuka kufunga mkoba wake, akichukua muda mrefu kuliko mkoba ulivyohitaji. Kabatesi alichagua jike kubwa kuliko wote, akamfunga kamba mguuni.

Njiani mnyama yule alisimama mara kwa mara, akageuka nyuma na kuguna, akiwaita watoto wake. Kabatesi alihisi kitu kikimchoma. Kwa Onésphore hakuwa na huruma hata chembe, ila nguruwe huyu hakuwa amemkosea mtu. Alimwacha aite mpaka akachoka. Kisha akavuta kamba, wakaendelea kupanda mlima.