Gazeti la Juu ya Kabati

Magreth alijifunza kuchora skafu za hariri kwa hasira. Mama mkwe wake, Paskalia, alishuka kutoka Mgeta na gunia la karoti, akamtazama mikono, akasema mbele ya majirani wa Magreth huko Bigwa: "Mkwe wangu, mikono hii inajua simu tu." Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Magreth naye alicheka, kisha akaenda jikoni kulia.

Basi simu hiyohiyo ndiyo iliyomfundisha. Alinunua hariri nyeupe, akaiwamba kwenye fremu ya mbao, akachora milima ya Uluguru kwa gundi ili rangi zisivuke mipaka. Skafu za mwanzo zilikuwa aibu tupu. Rangi zilichuruzika, milima ikawa uji. Hatimaye moja ikakubali. Kijani kilitulia, ukungu ukakaa penye vilele, na Magreth akaamua hiyo ndiyo ya mama mkwe. Angemvisha mwenyewe, mbele ya majirani walewale.

Ilibaki kuipika kwa mvuke ili rangi zishike. Mwalimu wa kwenye simu alisema skafu izungushiwe karatasi safi. Sasa karatasi ya nyumbani kwetu ni ipi, kama si gazeti? Gazeti hufungia vitumbua, hufuta vioo, huwashia mkaa. Juu ya kabati la mumewe, Evance, alikuta moja limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Hakulisoma. Aliona tu kwamba halina vumbi, akamshukuru Mungu. Akaviringishia skafu, akaiweka juu ya maji yanayochemka, akafunika sufuria. Alipoifungua, gazeti lililolowa akalitupia kwenye moto wa mkaa, likaungua taratibu.

Pembeni mwa skafu palikuwa pametokea alama za kijivu, hafifu, kama mawe. Magreth akajipongeza kwamba hata mawe yamejichora yenyewe.

Jumapili Paskalia akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Mnaendeleaje?"

Magreth hakungoja hata mgeni apumzike. Aliwaita majirani, akamvisha skafu mabegani, akampeleka mbele ya kioo cha sebuleni. Akasimama nyuma yake kungoja sifa.

Kwenye kioo yale mawe yakawa maandishi. Yalikuwa yamejichapa kinyume, na kioo kikayageuza yakasomeka: TANZIA. Chini yake, Mwalimu Stephano, jina la baba mkwe, aliyefariki kabla Magreth hajaolewa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Paskalia akasogea karibu na kioo, akasoma huku midomo ikicheza. Alipogeuka, macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Umemwandika baba yenu," alisema. "Tena mahali nitakapomwona mimi tu, nikijitazama. Mkwe wangu, nilikusema vibaya. Unisamehe."

Majirani wakapiga vigelegele.

Ndizo sifa alizozitaka, na mashahidi ndio aliowataka. Lakini Magreth hakuwahi kuona aibu ya namna ile. Uso ulimwaka. Evance, aliyekuwa amesimama na majirani, alichungulia chumbani, juu ya kabati, kisha akamtazama mkewe. Alikuwa ameelewa, na alikuwa tayari kumfichia. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Mama, sikumwandika," Magreth alisema. "Nilifungia skafu kwenye gazeti ili niipike kwa mvuke, wino ukahamia. Sikujua ni gazeti gani. Nimelichoma."

Vigelegele vikakatika.

"Lile lenye picha yake?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nilimpa Evance alitunze," Paskalia alisema taratibu, "kwa sababu kwangu paa linavuja."

Akavua skafu. Magreth alidhani atatupiwa usoni, na moyoni aliona ingekuwa afadhali. Lakini Paskalia aliitandaza mezani, akailainisha kwa kiganja, akaikunja maandishi yakiwa ndani, akamkabidhi mwanawe.

"Itie kwenye mfuko, uirudishe juu ya kabati. Gazeti letu sasa ndiyo hii. Asiivae mtu, asiifue mtu."

Kisha akajitanda kanga yake ya zamani, akaketi, akamuuliza mkwewe kama chai iko tayari. Magreth akaitikia kwamba iko tayari, akaenda kuileta, macho chini, vidole bado vya kijani.