Vitoto vya Mmea

Mama mkwe alipiga simu kutoka wodini. "Ule mmea wangu wenye majani manene yaliyopangana kama waridi umechanua?"

"Umechanua, mama," akajibu mkaza mwanawe, fundi cherehani.

"Basi utakufa huo, ndiyo kawaida yake. Vitabaki vile vitoto vya pembeni. Vipo?"

Vitoto mkaza mwana aliving'oa Jumatatu, akidhani vinaunyonya mmea mkubwa, akavitupa kwenye kapu la mabaki ya vitambaa.

"Ngoja nitazame, mama."

Alimwaga kapu sakafuni, akapekua. Siku tano bila udongo wala tone la maji! Akavipata sita, vimesinyaa kidogo tu, kimoja kimetoa mzizi mweupe.

"Mbona kimya? Umevila?"

"Vipo, mama. Nilivitupa, lakini vipo."