Salamu za Tumbaku

Siku hizi Suzana akiona wajukuu wanaandikiana kwenye simu, "mambo", "poa", mazungumzo yamekwisha, hucheka peke yake akiikumbuka benchi ya mtaa wa Majengo.

Miaka ile ya tisini ikiishia, mtu wa Mpanda aliyetaka kumfikia ndugu yake ng'ambo, bila kungoja barua ipande treni ya Tabora na kusinzia njiani, alikwenda kwa Suzana. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha misheni, na humo mlikuwa na kompyuta yenye kisogo kikubwa kama mtungi, imeunganishwa na redio ya mawasiliano. Asubuhi na jioni redio ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, barua zikapaa hadi kwa kampuni fulani ya Dar es Salaam, nayo ikazisambaza duniani. Watu walikaa kwenye benchi nje wakisikiliza ule mlio kwa adabu. Kuna waliovua kofia.

Suzana alikuwa na wateja wengi na vidole viwili vya kuchapia. Basi akatunga salamu moja ya kupendeza, akaihifadhi ndani ya mashine, na kila aliyekuja akamwekea hiyo hiyo: salamu nyingi kama majani ya tumbaku ya Katumba, yasiyohesabika shambani wala ghalani, sisi huku hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali, na kuendelea hivyo hadi chini ya kioo. Watu waliipenda kupita kiasi. Hata fundi cherehani wa Nsemulwa, ambaye hajawahi kulima hata bamia, alisema naomba niwekewe ile ya tumbaku. Shida yenyewe ilikuja mkiani, mstari mmoja tu, kama mgeni aliyekuta sufuria zinaoshwa.

Halafu barua zikaanza kurudi. Kila moja ilirudi na Kiingereza cha ukali kwamba imezuiwa, ni barua taka.

Ya Mayu Nyanzala ilirudi pamoja nazo. Huyu alikuwa mama wa Kisukuma, na mayu kwao ndiyo mama, aliyehamia na mifugo kutoka kaskazini, na mwanawe Nkwabi alikuwa masomoni India. Wazee wa Rahel, mchumba wa Nkwabi, walikuwa wamechoka kungoja. Alishajitokeza mwingine, mwenye ng'ombe wa kutosha na baiskeli yenye taa, nao wakasema Nkwabi atamke mwenyewe kabla ya Jumapili kama bado anamtaka binti yao. Akinyamaza, watapokea ng'ombe wa mwenzake. Rahel alifuatana na Mayu kila siku, eti amemshikia mwavuli. Ilikuwa Julai.

Suzana akaenda posta kupiga simu Dar. Kijana wa kampuni alicheka kwanza, ndipo akaeleza. Mashine yao hukamata barua moja inayotumwa kwa watu wengi, maana ndivyo wafanyavyo wachuuzi wasumbufu, na barua za Mpanda zote zinaanza sawasawa, neno kwa neno. Mashine haifiki mkiani. Dawa, alisema, toeni salamu, andikeni shida tu.

Suzana aliporudi na dawa hiyo, benchi nzima iliikataa. Kila mmoja alijua ujumbe usio na salamu ni upi: ni simu ya maandishi, ile telegramu ya posta, na simu ya maandishi ni msiba.

"Nimpelekee mwanangu maneno makavu?" Mayu aliuliza. "Ataanza kulia kabla hajajua ni nani kafa."

"Mayu, salamu zile hazitoki tena. Mashine imekinai tumbaku."

"Tumbaku ni yako. Mimi ni mtu wa ng'ombe. Wewe andika."

Akaanza kusema. Alimsalimu Nkwabi ng'wana Luhende, mwana wa Luhende, kwa niaba ya ng'ombe mwekundu aliyevunjika pembe, ambaye sasa ana ndama mkorofi kama Nkwabi mwenyewe alivyokuwa. Akamsalimu kwa kikohozi cha baba yake, kinachopungua, na kwa kisima kilichobomoka na jirani aliyetumbukia humo akatoka anacheka. Vidole viwili vya Suzana vilimkimbiza hadi vikauma. Mwaka mzima alikuwa akiwatania watu hawa kwamba salamu zao ni wimbo mmoja, kumbe mwenye wimbo alikuwa yeye. Nje, benchi ilikuwa imeanza kunong'ona. Kila mtu anatafuta salamu zake. Mwisho kabisa likaja swali la Rahel.

Jioni barua ilipaa. Haikurudi.

Ijumaa hakukuja kitu. Jumamosi, redio ilipokwisha kulia, jibu la Nkwabi lilikuwa limo, refu. Suzana alilitoa kwenye karatasi, macho yakamkimbilia chini.

"Anza juu," Mayu alisema. "Salamu hazirukwi."

Kwa hiyo Suzana alisoma habari za joto la India, za dengu kila siku, za mwenzake wa chumbani anayekoroma, za huzuni yake kuhusu ile pembe. Rahel alikuwa ameung'ang'ania mlango kwa mikono miwili. Hatimaye: "Namtaka. Ila mumuulize na yeye, msimtoe kama mbuzi."

Wote wakageuka.

"Miaka miwili namngoja," Rahel alisema, "leo ndiyo anauliza?" Kisha akajifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika, na hakuna aliyejua ni kicheko au kilio.

Mayu hakungoja kujua. Alishavaa kandambili, anamtaka Suzana ampe ile karatasi haraka, awafikie wazee wa Rahel kabla jua halijazama.