Kuondoa Mwana

Bi Saumu alilala alasiri, na mtu yeyote wa pwani atakuambia kwamba alasiri hailalwi, mtu huamka kachanganyikiwa. Lakini hebu niambieni, angefanya nini? Tangu asubuhi alikuwa kwenye ofisi ya majina, amesimama mpaka miguu imemvimba, na yote hayo kwa ajili ya herufi tano. Mtoto wake alipozaliwa aliitwa Mwanakombo, jina la bibi yake mzaa baba, kwa kuwa mkunga alisema ni msichana na hakuna aliyeona sababu ya kubisha. Aliyebisha ni mtoto mwenyewe. Tangu akili zilipompambanukia alisema yeye ni mvulana. Alisema kwa upole, akasema kwa machozi, na sasa ana miaka kumi na sita anasema kwa kunyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikomtia mama yake hofu. Wala hakuomba jina la ajabu. Aliomba Kombo. Liondolewe hilo "Mwana" la mbele, basi, ili mtihani wa kidato cha nne aufanye kwa jina lake na cheti kikitoka kiwe chake. Mwanakombo ni wa kike, Kombo ni wa kiume, hilo kila mtu wa mjini kwao analijua hata kabla hajajua kuvaa viatu.

Sasa nendeni nyinyi mkawaeleze makarani! Wa kwanza alitaka cheti cha kuzaliwa. Alipopewa akataka cheti cha kifo cha baba. Alipopewa na hicho akasema majina ya watoto si kazi yake, ni ya yule wa dirisha la pili, na yule wa dirisha la pili alikuwa amekwenda kunywa chai, chai ambayo majani yake nadhani yalikuwa bado hayajachumwa. Aliporudi alisoma karatasi, akamtazama Kombo juu mpaka chini, akauliza kwa sauti ya kusikika barabarani, "Mwanakombo ndiye huyu?" Watu wakageuka. Kombo akainamisha kichwa. "Naomba muondoe Mwana tu, baba," Bi Saumu akasema, mara ya ngapi sijui. "Njoo kesho," akajibiwa. Kufika nyumbani anamkuta shemeji yake Mbwana, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, amekaa barazani na hasira zake. Jina hilo ni la mama yetu, akasema, halikatwi kama mkia wa samaki. Kama mtoto ameingiwa na mawazo hayo, apelekwe shamba kwa jamaa, akae huko asionekane mpaka yamtoke, na yeye Mbwana atapita magharibi kuchukua jibu na mtoto kwa pamoja. Na Bi Saumu, maskini mama wa watu, alikuwa amechoka hata hakusema hapana. Alisema, "Nitafikiri, shemeji." Kisha akajitupa juu ya busati, usingizi ukamchukua.

Akaota anatembea katika nchi ambayo yote ni ushoroba, kuta zimepakwa chokaa, dari badala ya mbingu, na mahali pa miti mabenchi yameota kila upande, na juu ya mabenchi wamekaa watu walioshika vyeti vyao vya kuzaliwa kama mtu anavyomshika kuku asimponyoke. Kombo alikuwa nyuma yake, ameshika ncha ya leso aliyojitanda mama yake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Kwenye benchi la mbele palikaa bibi mmoja mnene, mnene jamani, amechukua nafasi ya watu wanne, na mapajani ana sinia anakula kitu asichokoma kukila. "Karibu, mwanangu," akasema, "mimi ndiye Subira, nitakuongoza. Subira huvuta heri." Bi Saumu akamwambia, "Heri yangu inavutwa kwa kamba gani, bibi, mbona haifiki?" "Mvumilivu hula mbivu," akasema Subira kwa utaratibu. "Zimeoza!" Bi Saumu akapiga kelele. "Hizo mbivu zako zimeoza, bibi, zinanuka mpaka huku!" Subira hakukasirika, maana hakujaliwa kukasirika, aliinuka na sinia lake, akatangulia.

Hawajakwenda mbali, ukutani likafunguka dirisha, na dirishani akatokeza mwanamke mwembamba mwenye shingo ndefu ya kuchungulia, jina lake Watasemaje. Ukipita dirisha hili yumo, ukipita na lile yumo. "Mwanakombo huyo!" akaita, akicheka. "Kombo? Si mambo yameenda kombo kweli kweli!" Jina lile la Mwanakombo lilipotajwa, Kombo alirudi nyuma hatua, na leso ikavutika. "Kombo imo humo kwenye Mwanakombo tangu siku aliyozaliwa," Bi Saumu akamjibu, "na hukuwahi kucheka. Leo ndiyo umeijua?" Watasemaje akafunga dirisha, akafungua lingine mbele, akaanza upya. Mwanakombo yuko wapi, Mwanakombo amevaaje, Mwanakombo ataolewa na nani. Bi Saumu alijibu, akajibu, mpaka koo likamkauka, naye amejibu vizuri sana kila mara, ila alikuwa akitazama madirishani tu na hakutazama nyuma.

Ushoroba ukaishia kwenye ukumbi wa Bwana Desturi. Palikuwa na madirisha mawili, na juu ya yote mawili yameandikwa maneno yale yale: Kuondoa Mwana. Kwenye la kwanza foleni ilikuwa ndefu, watu wamesimama mpaka buibui wamewatandia nyuzi mabegani. Kwenye la pili hapakuwa na foleni kabisa, mtu anaingia anatoka. Nyinyi mngekwenda wapi? Bi Saumu alikwenda la pili, mbio. Aliyekuwa mbele yake alikuwa mwanamume wa heshima zake, akageuka akitabasamu, na kwapani amebeba jina lililotiwa kwenye fremu ya kioo. "Alhamdulillahi, jina limebaki salama," akasema. "Na mtoto?" Bi Saumu akauliza. "Mtoto gani?" akasema yule mtu, akaenda zake.

Bwana Desturi mwenyewe hakuwa mzee kama ulimwengu unavyodai. Alikuwa kijana, kanzu imepigwa pasi, anasema na watu kwa adabu. "Waomba nini, mama?" "Naomba mwana aondolewe," akasema Bi Saumu, kama alivyosema kutwa nzima. Desturi akafurahi. "Ebo! Mbona hukusema mapema ukahangaika bure? Hiyo kazi ndogo. Kuna shamba, kuna jamaa wa mbali, kuna mabasi ya usiku, kuna kumfungia mlango tu akajiendea mwenyewe. Jina hatuligusi, tutakutilia kwenye fremu." Akauinua muhuri. Bi Saumu akakumbuka leso, akaivuta, ikaja nyepesi, haina mtu. Akageuka. Kombo alikuwa mwisho kabisa wa ushoroba, amekuwa mdogo kwa umbali, na bado anarudi nyuma, hatua kwa hatua, wala halalamiki.

"Sikusema hivyo!" akapiga kelele. "Nilisema kwenye jina!" "Kwenye jina ni foleni ile, mama," akasema Desturi. "Mwana huondolewa kwenye jina au huondolewa kwenye nyumba. Hapa ni nyumba." Hapo Bi Subira akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza akaweka sinia chini. "Umewahi kujiuliza ninakula nini?" akasema. "Nakula siku za mtoto wako. Kila 'njoo kesho', wewe waumia miguu, naye anapungukiwa na siku, nami nimenenepa kwa hizo siku zake mpaka naona haya. Sikiliza, mwanangu. Iko subira ya kungoja mvua, na hiyo niite, nitakuja. Na iko subira ya kumtazama mtu anazama huku ukisema kwamba maji yatapwa. Hiyo usiiite kwa jina langu." Muhuri ulikuwa unashuka. Bi Saumu akafungua kinywa amwite mtoto, na mazoea ni kitu kibaya, neno lililomtoka lilikuwa "Mwana…" na kule mwisho mtoto akarudi hatua nyingine. Akalitema. Akajaza kifua pumzi, akaita, "Kombo!" Mtoto akasimama. Muhuri ukagonga.

Ilikuwa hodi. Shemeji Mbwana anabisha mlango, na msikitini wanaadhini magharibi. Bi Saumu aliketi juu ya busati, hajui yuko dunia ipi, kisha akaona: karibu na mlango amekaa Kombo, na miguuni mwake begi limefungwa. "Nimetia nguo zangu, Ma," akasema polepole. "Usigombane na baba mkubwa kwa ajili yangu. Nitakwenda." Ndipo Bi Saumu alipoelewa kwamba ile "Nitafikiri, shemeji" yake, aliyoisema kwa uchovu tu, mtoto alikuwa ameisikia akaichukua kuwa jibu. Alitamani ajipige makofi. Aliinuka, akafungua mlango.

"Umeamua?" Mbwana akauliza, bado hajavua viatu.

"Nimeamua. Mwana anaondoka."

Mbwana akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Umetumia akili, shemeji."

"Anaondoka kwenye jina," akasema Bi Saumu. "Humu ndani hatoki mtu. Kesho narudi ofisini, na kesho kutwa, na mtondo, na mtondogoo, nitawakalia mpaka wao ndio wanichoke. Na wewe utaandika barua kwamba ukoo umekubali, au usiandike, nitakwenda vivyo hivyo."

"Na jina la mama yetu?"

"Mama yenu alikaa na jina lake mpaka akazikwa nalo, Mungu amrehemu, hakuna aliyemnyang'anya. Mwachieni na huyu akae na lake."

Mbwana akasimama pale kizingitini, hajui aingie au atoke. Bi Saumu hakumngoja. Kwao mtoto wa kike akiitwa huitika "abee", wa kiume huitika "naam", na Kombo, tangu alipokataa ile ya kwanza na kukatazwa ile ya pili, alikuwa haitiki kabisa. Ukimwita huja tu, kimya, anasimama mbele yako. Mama yake akageuka, akaita kwa sauti kubwa, shemeji asikie, na jirani asikie, na aliye dirishani asikie pia:

"Kombo!"

Kombo akasimama, begi akaliacha chini.

"Naam," akaitika.