Mtunzi Hajulikani

Kwa miaka thelathini na minane neno moja lilimkwama Bibi kooni kama mwiba wa samaki: hajulikani.

Lilichapwa kwenye kijitabu cha onyesho. "Ngoma ya Ufagio. Mtunzi hajulikani." Mtunzi alikuwa dada yake, waliyemwita Pia kwa jinsi alivyozunguka kama pia ya watoto. Aliitunga akifagia jikoni, Bibi akimpigia sufuria. Na aliyeandika kijitabu alijua yote hayo. Bwana Kofia, mwandishi wa habari za ngoma na mpangaji wa maonyesho, alikaa jikoni humo siku nne, akala, akashiba, akachora kila hatua daftarini. Kisha akapanda jukwaani kupigiwa makofi kwa "kuiokoa ngoma isipotee." Pia alikufa akisubiri kijitabu kisahihishwe.

Sasa Bwana Kofia naye alikuwa amekufa, na makaratasi yake, maboksi kumi na tisa, yameletwa kwenye chumba cha nyaraka. Picha hazikuwa na majina. Mhifadhi, binti mpole wa miwani, akamwita Bibi, mchezaji pekee aliyebaki wa kundi la ngoma la Pia, aje awatambue watu.

Bibi aliona jinsi binti alivyomwekea mto kwenye kiti na kufunga dirisha lililokuwa likimpulizia baridi. Akamwombea heri kimoyomoyo. Kisha akakunja mikono ya gauni.

"Huyu ni nani, Bibi?"

"Pia. Andika: mtunzi wa Ngoma ya Ufagio."

Binti akasita. "Lakini kijitabu kinasema..."

"Achana na kijitabu, mjukuu wangu. Tafuta daftari la jalada la kijani. Lilikaa mezani kwetu siku nne."

Lilikuwa ndani ya boksi la saba. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa Bwana Kofia mwenyewe: "Leo Pia kanifundisha ngoma aliyoitunga. Mguu wa kushoto kwanza."

Binti alisoma mara mbili. Akachukua penseli, akaandika nyuma ya picha jina la Pia na kazi yake. Bibi alimfuata kwa macho mpaka nukta.

"Na huyu mwenye kofia?"

"Simjui."

"Bibi wewe! Jina lake limo kwenye kila boksi."

"Basi maboksi yanamtosha. Si ulisema utaandika nitakavyosema?"

"Ndiyo, na jina la aliyesema."

"Weka langu. Tena kwa herufi kubwa, asije mtu akadhani niliona haya."

Binti alificha kicheko kwa kiganja, akaandika: mwanamume mwenye kofia, hajulikani.

Picha thelathini na mbili, hajulikani thelathini na mbili. Kila moja Bibi aliisikia tamu ulimini.

Ikabaki ya mwisho. Mvua kubwa, Pia kajifunika kanga, na Bwana Kofia kamshikia mwavuli, yeye mwenyewe kalowa mpaka viatu. Bibi akaisogeza picha karibu na macho. Siku ile Pia alikuwa na homa. Bibi alikuwa amesahau hilo.

"Andika," akasema taratibu. "Pia, mtunzi. Na mwanamume aliyemshikia mwavuli, mwenyewe akilowa."

"Jina lake?" Penseli ilingoja.

Bibi alipitisha kidole juu ya ule mwavuli.

"Hajulikani," akasema. "Ila mwavuli usiusahau."