Mizeituni Juu ya Madhabahu

"Achia! Nimesema achia!" Kosma alifoka kutoka upande wa pili wa jiwe.

Sisinio hakuachia. Msumeno wa marumaru hauna meno. Ni ubapa wa chuma tu, na kinachokata ni mchanga na maji yanayomiminwa taratibu kwenye mkato. Huushika watu wawili, mmoja kila upande: unavuta, kisha unaachia mwenzako avute. Ukikaza mkono wakati si zamu yako, chuma kinapinda ndani ya jiwe na hakuna wa kukinyoosha tena. Ndugu hawa wawili walikuwa wamevuta na kuachiana tangu ndevu zao nyeusi, na kuta zote za kanisa jipya la monasteri, kutoka sakafuni hadi pale dhahabu inapoanzia, zilikuwa zimepita mikononi mwao. Leo Sisinio alikuwa amekaza, na alikaza kwa makusudi.

Jiwe lilitoa mlio. Kisha upande mmoja ukapasuka, kipande kikubwa kikaanguka kwenye tope.

"La kando ya madhabahu!" Kosma alishika kichwa. "Pacha lake tumeshalibandika ukutani, lilibaki hili moja. Una wazimu?"

"Ninao. Umenipa wewe."

Juzi Sisinio alikuwa amepanda kilimani kupogoa mizeituni yake, kama afanyavyo kila mwaka kabla ya Kwaresima. Akawakuta watumishi wa monasteri wameshaanza, wamekaa juu ya matawi wanaimba. Alipowauliza nani kawatuma, walimcheka. Shamba ni la monasteri, walisema. Kaka yako alilitoa tangu vuli, mavuno yalipokwisha, wewe hujui?

Hakujua. Majira yote ya baridi alikuwa akivuta msumeno na mtu huyu, wakila mkate mmoja wa shayiri, na mtu huyu alikuwa kimya. Hilo ndilo lililomchoma kuliko shamba lenyewe.

Abati Theoktisto, mkuu wa monasteri, alisikia jiwe likipasuka, akashuka kutoka jukwaani ambako mafundi walikuwa wakipachika vijiwe vya dhahabu kwenye kuba. Alikuwa mtu wa kupanda mwenyewe, mzee hivyo hivyo, na chokaa ilikuwa imemjaa ndevuni.

"Nani kaniharibia marumaru yangu?"

"Mimi, Baba," alisema Sisinio. "Na wewe umechukua mizeituni yangu. Marehemu mzee wetu alisema mbele ya watu: Kosma nyumba na mizabibu, Sisinio mizeituni. Huyu mizabibu yake kaiuza, kaila. Sasa anagawa cha kwangu."

"Kaka yako aliweka tawi na bonge la udongo juu ya madhabahu mbele ya watawa wote. Alisema, 'Mimi na ndugu yangu tunatoa.' Wewe ulikuwa wapi?"

"Machimboni! Nakukatia wewe mawe!"

Abati alikung'uta chokaa ndevuni. "Kilichowekwa madhabahuni ni cha Mungu, mwanangu. Mimi sina mkono wa kukiondoa."

"Wa kukipokea ulikuwa nao."

Mafundi wa juu waliacha kugonga. Abati akageuka akaingia ndani, na Kosma akabaki anachezea maji kwenye ndoo kwa kidole, mtu mzima mwenye mvi.

"Wamenipa kaburi," alisema hatimaye. "Pale ukumbini, mlango wa kanisa. Na kila mwaka wataniombea kwa jina. Mke wangu kafa, mtoto sina. Nikifa nani ataniwashia hata taa, mdogo wangu?"

"Ungeniomba, ningekuwashia mimi. Mafuta nilikuwa nayo."

Akaosha mikono, akaondoka. Njiani hakumwitikia mtu salamu.

Nyumbani Argiro, mkewe, alikuwa akikaanga jibini. Ilikuwa wiki ya mwisho ya kula jibini na mayai kabla ya mfungo, na binti yao Anthusa alikaa karibu na moto akijifanya anashona. Alikuwa ameposwa na kijana wa mfinyanzi, na mahari aliyoahidiwa kwenda nayo kwa mume ilikuwa mizeituni ile. Kwa mfinyanzi wameshaanza kuulizauliza.

"Kaka yako atalala chini ya marumaru," alisema Argiro bila kugeuka. "Binti yako je, atalala wapi?"

"Niache, mke wangu."

"Sikuachi. Kesho ni jioni ya kusameheana. Kosma atakupigia magoti mbele ya watu, na wewe unatakiwa kumjibu. Ukishajibu, yamekwisha. Huwezi kusamehe jioni ukaja kudai asubuhi, watakucheka mpaka mbwa."

"Najua."

"Basi kama unajua, kula."

Hakula. Alilala amekunja ngumi, na alipoamka bado amezikunja.

Jumapili jioni kanisa lilijaa. Watawa mbele, mafundi nyuma yao, wanakijiji mlangoni. Taa zilikuwa zimewashwa zote, na dhahabu ya kuba ikawaka hadi nyuso za watakatifu zikawa kama zinapumua. Wengine walikuwa wakitazama juu kwa machozi. Sisinio alitazama taa, akajua mwaka ujao ni mafuta ya nani yatakayoungua humo, na damu ikamchemka upya.

Desturi yao ilikuwa hivi. Kila mmoja humpigia magoti kila mmoja, paji la uso sakafuni, na kusema, "Nisamehe mimi mwenye dhambi." Mwenzake hujibu, "Mungu akusamehe," akamwinua, na mstari ukasogea. Harukwi mtu. Mmoja asipojibiwa, waliomfuata nyuma wote wanakwama, na mfungo hauanzi.

Abati alitangulia. Alipofika kwa Sisinio alishuka chini kabisa, mifupa ikalia.

"Nisamehe mimi mwenye dhambi."

"Mizeituni inarudi?"

"Mwanangu, hapa si sokoni."

"Haya. Mungu akusamehe, Baba. Yeye ana moyo mkubwa kuliko mimi." Akamwinua, tena kwa adabu, maana alikuwa mzee.

Kisha akaja Kosma. Magoti yake yalikuwa mabovu kwa miaka ya kupigia mawe magoti, na kushuka kulimchukua muda.

"Nisamehe mimi mwenye dhambi."

Maneno yalikuwa mawili tu, na mdomo wa Sisinio uliyakataa. Nyuma ya Kosma mstari ulisimama. Mtu akakohoa. Mwingine akanong'ona, "Mjibu basi, tuna njaa." Mlangoni Argiro alikuwa amemkazia macho mumewe, mkono wake umeshika mkono wa Anthusa.

"Ndugu yangu," alisema Kosma, uso ungali sakafuni. "Nijibu."

Sisinio akageuzia macho kwenye taa.

Ndipo Kosma alipoinua kichwa, si kwa Sisinio bali kwa watu wote, na sauti yake ikapanda hadi kubani. "Alikuwa hajui! Mnasikia? Nilisema 'mimi na ndugu yangu,' na ndugu yangu alikuwa hajui lolote. Niliogopa kufa peke yangu, nikasema uongo pale!" Akanyoosha kidole madhabahuni.

"Kosma, inuka," alisema abati.

"Siinuki mpaka huyu aseme."

"Na mimi sisemi," alisema Sisinio, "mpaka Baba aseme. Uongo ukiwekwa juu ya madhabahu, nao unakuwa wa Mungu?"

Kanisa zima likamgeukia abati.

Sisinio akaketi kusubiri jibu. Alikaa sakafuni, miguu ameikunja, uso kwa uso na kaka yake, kama mtu aliyefika na hana haraka ya kuondoka. Mtawa mmoja mzee aliyekuwa nyuma ya Kosma aliwatazama kwa muda, akashusha pumzi, naye akakaa. Kisha aliyemfuata. Mstari wote ukashuka, mmoja baada ya mwingine, majoho yakisugua marumaru.

Mpishi akachungulia kutoka mlango wa pembeni, mwiko mkononi, aulize kama apakue. Akaona watu wote wamekaa chini, na abati peke yake amesimama. Akafuta mwiko kwa joho lake, akakaa palepale mlangoni.