Uso wa Mwenye Kisima

Bi Mwanatabu hakuona haya kuitwa mchoyo. Kisima kilikuwa chake, alichimbiwa na marehemu mumewe juu ya kilima cha Changamwe, na mwaka ule wa 1944, mvua ilipowasusa watu, maji yake yalibaki matamu. Jamaa zake waliteka. Wengine washuke bondeni kwenye maji ya chumvi, watajua wenyewe.

Miongoni mwa hao wengine alikuwamo Kahaso, mwalimu wa watoto aliyetoka Kaloleni na kupanga chumba cha jirani. Siku ya kwanza alikuja na ndoo, akatoa shikamoo. Bi Mwanatabu hakuitikia. Alikifunika kisima kwa ubao, akaukalia.

Sasa mjukuu wake, Tumu, alirudi kutoka darasani mbio.

"Bibi! Mwalimu Kahaso amekutia kwenye kitabu chake cha picha! Ni hadithi ya wema katika mji wa kilimani. Kuna mama anawapa wageni maji, na mama mwenyewe ni wewe, na kipini chako cha puani na kovu lako la kidevuni!"

Mtoto alikuwa amewatambia wenziwe njia nzima. Bi Mwanatabu damu ilimchemka. Yatima huyu ndiye mtu pekee duniani aliyemtazama kwa mapenzi, na leo nyanyake amefanywa kichekesho mbele yake!

Alimkuta Kahaso kibarazani, watoto wamemzunguka, daftari liko magotini.

"Nani alokupa ruhusa ya kunichora?"

"Shikamoo, Bi Mwanatabu."

"Nimekuuliza! Hujui kuchora chenye roho ni haramu? Nifute!"

"Sikukudhihaki, Bi. Nilitaka kuchora mwenye kisima, na nimjuaye ni wewe tu. Nikasema labda ukijiona hivi..."

"Ukasema unipake mafuta kwa mgongo wa chupa, niteleze nikupe ndoo mbili! Wallahi hupati hata tone."

Kahaso alikitafuta kifutio chake. "Na hawa wengine pichani? Nao wana roho. Niwafute pia?"

Bi Mwanatabu aliwatazama: wachukuzi, wazee, mtoto na kibuyu chake. "Hao hawanihusu."

Watoto wakatazamana. Kahaso akasugua taratibu mpaka karatasi ikachubuka. Alibaki mwanamke wa buibui, mkono umenyoosha kata ya maji, na juu ya shingo hamna kitu.

"Kwani Bibi," Tumu aliuliza kwa sauti ndogo, "ni uongo?"

"Uongo mtupu!" Bi Mwanatabu alijibu, mtaa mzima usikie. "Si mimi yule, wala sitakuwa."

Akarudi nyumbani kifua mbele, maana alishinda.

Asubuhi alikuwa juu ya ubao wake Kahaso alipopita na ndoo kuelekea bondeni. Watoto walimfuata, hata wa jamaa za Bi Mwanatabu, kila mmoja na chombo chake. Wa mwisho alikuwa Tumu, na ndoo ya nyumbani kichwani.

"We Tumu! Wenda wapi? Maji si haya hapa?"

"Hayo ni yako, Bibi," mtoto alijibu kwa adabu, kama anavyozungumza na mtu baki, akashuka na wenziwe.

Bi Mwanatabu alimtazama mpaka akapotea bondeni. Ilimuuma, ikamuuma sana. Akakaa pale mpaka jua likawa kali, akingoja atokee mtu yeyote yule, hata wa kumkatalia.